Mpiga Mluzi wa Lango la Mashariki

Nchi ya Utajo haimo kwenye ramani yoyote iliyobandikwa ukutani shuleni, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Waendao huko huwa wana mtu wao aliyekwama, na Siwatu binti Makame alikuwa naye. Mdogo wake, Mbaruku, aliondoka kwao Kitumbini miaka tisa nyuma kwenda kuchimba visima Utajo. Alikuwa akituma salamu kila Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, halafu salamu zikakatika. Siku moja akapita mchuuzi wa sufuria, akampa Siwatu habari mbili: kwamba Mbaruku amepigwa na kiharusi, na kwamba serikali ya huko haimwoni tena. Siwatu akauliza haimwoni vipi, kwani amegeuka jini? Mchuuzi akasema hilo yeye hawezi kulieleza, ila anajua kuwa mtu asiyeonekana kwa siku arobaini hupakiwa garini akatupwa Nyanda za Chumvi, ambako hakuna kivuli wala tone la maji, na kwamba yeye alipoondoka zilikuwa zimetimia siku thelathini na moja.

Siwatu alikuwa mpishi wa shughuli, na si mpishi wa kubembelezwa. Harusi ya watu mia nane aliiendesha kwa mdomo tu, amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi: shusha hilo, mpe yule, lile lingine bado kwanza. Wasichana wake walijua ni sufuria ipi, ni mgeni gani, na kipi ndicho bado. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza lipi, na angeuliza angekiona. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeingia Utajo siku ya thelathini na tisa, asubuhi, na kwa mdomo ule ule.

Pale Lango la Mashariki karani hakumwuliza jina. Alimsimamisha mbele ya kioo chenye jicho dogo jeusi, akanyamaza naye akisubiri. Siwatu alikuwa hajalala, miguu imemvimba, na karani alikuwa anatafuna karanga bila haraka. Sauti laini ikatoka ukutani ikasema: mwanamke aliyekunja uso. Karani akamwuliza kama anapinga. Siwatu akamjibu apinge nini, yeye amekuja kumtafuta mdogo wake. Karani akagonga muhuri, na tangu dakika ile katika nchi ya Utajo hakukuwa na Siwatu. Palikuwa na Mwanamke Aliyekunja Uso, na kila atakapotaka kununua mkate, kuuliza njia au kusema neno mbele ya mkubwa, ilimpasa awe ameukunja. Akiukunjua, hayupo.

Sasa hapa sina budi kusimama kidogo niwaeleze walifikaje huko, maana Watajo hawakuzaliwa wendawazimu. Miaka arobaini na mitatu nyuma walinunua kompyuta kubwa wakaiita Mtambuzi, wakaitia macho na masikio katika kila ofisi, kila ghala na kila wodi, ili kazi za serikali ziende kwa kusemwa tu. Mwaka wa kwanza walizungumza nayo kama wanavyozungumza wao kwa wao. Mkuu wa wilaya moja akaagiza ubomolewe ule ukuta mbovu. Kila aliyekuwepo alijua ni upi, kwa kuwa juzi yake ulikuwa umemwangukia mbuzi wa mtu. Mtambuzi akatuma mashine zikabomoa kuta zote mbovu za wilaya, mia sita na kitu, na za jela zikiwemo.

Tume ikaundwa. Tume ikaona kwamba Mtambuzi hana kosa, kwani alifanya alichoambiwa. Wenye kosa ni watu, kwa tabia yao mbaya ya kusema nusu na kumwachia msikilizaji nusu nyingine, kana kwamba walikuwa naye jana. Fundi mmoja akapendekeza Mtambuzi afundishwe kuuliza, kama mtoto anavyouliza: upi, baba? Wakapiga hesabu wakaona kazi hiyo itachukua miaka kumi na moja. Pendekezo la kuwafundisha watu badala yake lilipita siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Sifa ya Kwanza. Kila mtu na kila kitu hutajwa mara ya kwanza kwa namna kilivyoonekana siku hiyo, na kama hakuna aliyepinga papo hapo, basi ndivyo kitakavyotajwa hadi mwisho wa dunia. Majina ya kuzaliwa yaliachwa kuwa habari za nyumbani. Kuonyesha kwa kidole kukawa kosa la kufungiwa siku tatu, kwa sababu kidole, tume ilisema, hakina maana kwa asiyekuwepo. Juu ya mlango wa kila ofisi wameandika kwa rangi nyekundu: LISILOTAJIKA HALIPO. Wazee wetu walisema lisemwalo lipo. Wale jamaa wameuchukua msemo wakaugeuza juu chini, na hawaoni haya.

Siwatu alifika hospitali uso umemkazana, akakutana mlangoni na muuguzi wa makamo mwenye kuku chini ya kwapa. Kuku mzima, anayepepesa macho. Muuguzi huyo alikuwa na miaka saba Mtambuzi alipomtaja mara ya kwanza, naye siku hiyo alikuwa ametumwa sokoni, kwa hiyo yeye ni Msichana Mwenye Kuku. Huyu wa sasa alikuwa kuku wa kumi na nne. Mwenye Kuku alimvuta Siwatu hadi kwenye ukumbi wa kufulia, ambako bomba lilikuwa linanguruma na Mtambuzi hasikii vizuri, akamwambia mambo yote kwa haraka.

Mbaruku alipoingia langoni miaka tisa nyuma alikuwa anapiga mluzi. Basi akaandikwa Mpiga Mluzi wa Lango la Mashariki, na kwa mluzi huo alipata kazi, chumba na chakula. Watu walimpenda. Kisha kiharusi kikampiga akiwa kwenye ngazi za kisima, kikamvuta mdomo upande na kumchukua ulimi na mkono. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini hawezi kusema, na mluzi haupo. Kwa Mtambuzi, Mpiga Mluzi ametoweka, na kitanda alicholalia ni kitupu. Kitanda kitupu hakipewi dawa wala uji. Mwenye Kuku amemlisha siku thelathini na nane kwa kudai chakula cha mgonjwa aliyekufa, Mzee Anayekohoa, na kila mlo ilimbidi yeye mwenyewe akohoe kwenye dirisha la jiko.

"Lakini kesho ni arobaini, dada yangu," Mwenye Kuku akasema. "Gari litakuja saa sita. Nenda Barazani asubuhi, na chonde, chunga uso wako."

Alimwingiza wodini. Kitanda kilikuwa pembeni, karibu na dirisha, na juu yake mtu mwembamba mwenye macho makubwa ya mama yao. Siwatu alipomwona, akasahau sheria zote za dunia. Alitabasamu kwa uso mzima, akaita Mbaruku wee, na hapo hapo sauti laini ya ukutani ikasema kwamba mlango wa wodi umefunguka, na nyuma ya Msichana Mwenye Kuku hakuna aliyeingia. Mlinzi akaja kufunga. Mwenye Kuku akambana Siwatu mkono hadi akaguna kwa maumivu, uso ukajikunja wenyewe, akaonekana tena. Mbaruku aliyaona yote hayo. Kutoka kwenye ile pembe ya mdomo iliyobaki nzima pakatoka sauti ndogo, na Siwatu akajua kuwa anacheka. Alimshika mguu chini ya shuka, akakaa naye hadi jua kuzama, amenuna kama amekuja kudai, na moyo unamwuma vibaya sana.

Asubuhi ya arobaini Baraza lilikaa. Mbaruku aliletwa kwa kitanda chake cha magurudumu, Mwenye Kuku akikisukuma, au niseme kitanda kitupu kililetwa, kwa kuwa ndivyo ilivyosomwa. Nje ya dirisha gari lilikuwa limekwishafika, limeegeshwa, injini inaunguruma.

Mkuu wa Baraza alikuwa mzee wa miaka arobaini na sita ukihesabu vizuri, lakini amezeeka kwa cheo. Mtambuzi alipofunguliwa kazi, yeye alikuwa mtoto mgongoni kwa mama yake katika sherehe, akatajwa Mtoto Anayenyonya Kidole. Kwa hiyo kabla ya kufungua kikao alivua miwani, akakitia kidole gumba mdomoni, akanyonya mpaka ukuta ulipomkubali, kisha akakipangusa kwa leso. Hakuna aliyecheka. Kulia kwake aliketi Mwanamume Mwenye Mwavuli, ameufungua ndani ya nyumba. Kushoto alikuwepo Bibi Aliyesimama, ambaye hakuwa ameketi mbele ya watu kwa miaka ishirini na miwili, na miguu yake ilikuwa imefungwa bendeji hadi magotini.

Siwatu akaulizwa anamdai nani. Akamtaja mdogo wake kwa jina lake na la baba yake. Ukuta ukajibu kwamba hayo ni habari za nyumbani. Akasema ni mchimba visima. Ukuta ukasema wachimba visima ni mia mbili na kumi na wawili. Akasema mchimba visima mwenye kiharusi. Hakuna, ukuta ukasema, kwa kuwa ugonjwa huandikwa kwa aliyeonekana, naye hajaonekana. Siwatu aliyekuwa anaendesha sufuria thelathini kwa neno moja akaacha kutaja. Akanyoosha kidole.

"Huyo hapo," akasema. "Huyo aliyelala mbele yenu."

Karani wa adhabu akafungua daftari. Ukuta ukasema: kitanda kimoja, kitupu.

Mwenye Mwavuli, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaomba lile la kidole lisamehewe kwa ugeni. Akamwuliza Siwatu kama mtu huyo amewahi kufanya kazi iliyo wazi kwa wote. Siwatu akasema alichimba kisima cha soko kuu, mji wote unakunywa. Ukuta ukakiri: kisima cha soko kuu kilichimbwa na Mpiga Mluzi wa Lango la Mashariki. Siwatu akadakia, ndiye huyo, ndiye yeye! Mkuu akasema vizuri sana, basi apige mluzi.

Mambo haya heri uyasikie kwa mwingine kuliko kuyaona mwenyewe. Mbaruku alijua kinachotakiwa. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo inamtetemeka, akakusanya midomo ile iliyopinda, akapuliza. Ikatoka pumzi na mate. Akapuliza tena. Watu walikuwa kimya kabisa, hata kuku wa muuguzi alikuwa kimya, na injini ya gari ndiyo iliyosikika. Mara ya tatu mishipa ilimtoka shingoni na uso ukawa mweusi, na hapakutoka kitu. Kichwa kikaanguka juu ya mto. Siwatu alilia, na alipolia uso ukalegea, na ukuta ukatangaza kwamba mdai ameondoka ukumbini. Ikabidi aume shavu kwa ndani mpaka damu, ndipo akarudishwa.

Hapo ndipo Mwenye Mwavuli aliposimama akatoa hoja ambayo, walisema baadaye, haikuwahi kutolewa. Kwa nini, aliuliza, mtu asitajwe upya? Watu hubadilika. Mtoto hukua, mluzi hukauka, mvua hukatika. Hilo la mvua alilisema akiutazama mwavuli wake kwa chuki ambayo hakuweza kuificha.

Mkuu wa Baraza hakukasirika. Alijibu kwa upole, na upole wake ulitisha zaidi. Alisema kwamba sheria zote za nchi kwa miaka kumi na minane zimetiwa sahihi na Mtoto Anayenyonya Kidole. Akitajwa upya leo kwa sababu ameota mvi, basi yule aliyetia sahihi atakuwa hayupo, na sheria zake zitakuwa zimetiwa sahihi na nani? Vyeo vitakuwa vya nani, nyumba, ndoa, mashamba? Alitazama kidole chake chenye mikunjo akasema kwamba kila mtu pale ana kitu anachokibeba, na wamekibeba. Wakapiga kura. Hoja ikaanguka, na Mwenye Mwavuli mwenyewe hakuinua mkono, kwa kuwa ule mmoja ulikuwa umeshika mwavuli na wa pili uliogopa.

Ikawa imebaki nusu saa.

Bibi Aliyesimama hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Sasa akasema kwamba sheria haimruhusu mtu kutajwa upya, lakini haikatazi kitu kipya kutajwa kwa mara ya kwanza. Kama kitandani pana mtu, na Mtambuzi hajui kuwa yupo, basi kwake ni mgeni kabisa. Mtajeni kwa sifa moja iliyo wazi kwa wote humu ndani na ambayo haina mwenziwe nchi nzima, naye atakuwepo. Mkuu akafikiri, akasema inafaa, mradi ipatikane kabla ya saa sita, na mradi ni mmoja.

Siwatu akajaribu kila lililomjia. Mwanamume asiyeweza kusema: mia tisa. Mwanamume mwenye kovu kidevuni: elfu mbili na zaidi, maana wachimba visima wote huanguka. Mwenye Kuku akamnong'oneza, na Siwatu akasema: mwanamume aliyefuatwa na dada yake kutoka mbali. Ukuta ukachukua muda, kisha ukajibu kuwa ni elfu moja mia tatu na sita. Aliyeliliwa na dada yake mbele ya Baraza: elfu moja mia mbili na tisini. Kumbe ukumbi ule ulikuwa umejaa dada wa miaka yote. Madereva wawili wakaingia na machela wakaiegemeza mlangoni.

"Uliza hivi," Bibi Aliyesimama akamwambia karani, bila kumtazama Siwatu. "Mwanamume aliyekanwa na dada yake mbele ya Baraza."

Karani akauliza. Ukuta ukapekua miaka yake arobaini na mitatu, ukasema hakuna. Hakuna hata mmoja.

Siwatu hakuelewa mara moja. Bibi akamvuta hadi dirishani, mbali na kitanda, ambako ngurumo ya injini ilifunika maneno yao hata Mtambuzi asiyapate, akamweleza taratibu, sauti ya mtu anayekata kidonda. Akisema hapa, mbele ya wote, kwamba mtu huyu hamjui na si ndugu yake, basi Mbaruku atakuwa wa peke yake nchi nzima. Ataonekana. Atapata kitanda, dawa, uji, na mtu wa kumgeuza ubavu, mpaka Mungu amchukue mwenyewe. Lakini anayemtoa mgonjwa nchini lazima awe ndugu, na aliyekana si ndugu, kwa hiyo hatamchukua. Wala asije tena kumdai, wala asitume barua ya kumwita mdogo wangu, kwa sababu siku hiyo sifa itavunjika na kitanda kitakuwa kitupu. Na tena, asimweleze kwanza mgonjwa kwamba ni hila. Mtambuzi anasikia, ataandika kuwa amekanwa kwa mapatano, nalo halitahesabika.

Siwatu akauliza kwani Mtambuzi haoni kwamba ukisema aliyekanwa na dada yake umekwishakiri kuwa ana dada, naye dada ndiye huyu? Bibi akasema Mtambuzi haulizi kama neno ni kweli. Anauliza kama ni moja.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo walivyolelewa wale watoto wa Makame. Siwatu alimbeba Mbaruku mgongoni alipokuwa hana miaka miwili, akampikia uji wa kwanza kwenye kifuu cha nazi akiwa mwenyewe hajafika jiko la watu wazima. Sasa alitafuta namna. Wangekuwa kwao Kitumbini angemtupia jicho tu na yeye angejua. Ndugu haelezwi, ndugu hudokezwa. Lakini jicho la kudokeza hulegeza uso, na uso ukilegea anayesema hayupo, na neno lake halipo. Ilibidi amtazame kwa uso ule ule mgumu, na amwachie Mungu. Dereva mmoja alitazama saa yake.

Alikwenda hatua mbili karibu na kitanda, kisha akasimama. Mbaruku alikuwa anamtazama.

"Mtu huyu simjui," Siwatu akasema. "Si ndugu yangu. Tumbo lililonizaa mimi halikumzaa yeye."

Hakusema kwa kigugumizi. Alisema kama anavyokataa nyama mbovu kwa mchinjaji, kwa sauti ya kufika mlangoni, kwa sababu alijua akilisema neno hilo vibaya mara ya kwanza hataliweza mara ya pili.

Ukuta ukasema: mmoja.

Kisha sheria ikataka aliyetajwa aulizwe kama anapinga. Kunyamaza kwake kungetosha, lakini Mkuu alikuwa mtu wa utaratibu, akataka ishara. Watu wote wakamgeukia Mbaruku, nao wakamwona, na wengine walishtuka kumwona amekonda vile. Yeye hakuwatazama. Alimtazama Siwatu muda mrefu, macho yale makubwa hayapepesi, na Siwatu akasimama amekunja uso na kuomba kimoyomoyo, elewa, elewa, wewe si mashine, elewa. Kidevu cha Mbaruku kikashuka mara moja, kikapanda. Siwatu hakujua, na mpaka leo hajui, kama alikuwa anamjibu Mkuu au anamjibu yeye.

Madereva wakaichukua machela yao. Mtoto Anayenyonya Kidole akafunga kikao kwa kukirudisha kidole mdomoni, na kitanda kikasukumwa kuelekea wodini. Siwatu alikuwa na amri ya kufika langoni kabla ya jua kuzama, lakini njia ya langoni hupita chini ya madirisha ya hospitali, na ilikuwa saa ya chakula. Alisikia kengele. Akasikia sauti ya Mwenye Kuku, haikohoi tena, inaita kwa nguvu dirishani kama sheria inavyotaka, na furaha imo ndani yake, maskini, alikuwa na haki ya kufurahi:

"Uji wa Mwanamume Aliyekanwa na Dada Yake!"

Jiko likajibu kwa kurudia jina lote, na mbeba sinia akalirudia tena ukumbini. Siwatu akaketi kwenye ukingo wa barabara, akajifunika kanga kichwa kizima, akalia mpaka askari alipopita na kupita tena bila kumwona.

Kwao alifika siku ya nne. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele, na macho yake hayafiki mbali siku hizi, lakini alizijua hatua. Hakumwamkia wala hakumwuliza safari. Akaiweka sinia chini.

"Umemwona?" akauliza.

"Nimemwona, mama."

"Anakula?"

Siwatu akasema anakula, ana kitanda karibu na dirisha, ana muuguzi mwenye huruma. Akasema hataweza kusafiri. Mama akaitikia kila neno kwa kichwa, akalipokea, akalihifadhi. Halafu akauliza lile alilokuwa nalo tangu mwanawe aondoke, kama huko ugenini kuna anayemwita kwa lolote la kwao, au ni kitu tu kati ya vitu.

"Wananitaja naye, mama," Siwatu akasema. "Kila mlo. Hawampi uji bila kunitaja."

Mama akafumba macho. Uso wake ukakunjuka kwa raha, akamshika binti yake mkono akaubusu kiganja, akasema alhamdulillahi, basi mwanangu hayuko peke yake.